Msome Mti Kabla ya Kushika Msumeno: Hotuba kuhusu Kuunda Mtaksusi wa Bonsai

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, na ninyi nyote mliokuja na miti yenu au mliokuja kutazama tu,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunda na kukamilisha mtaksusi wa bonsai, sanaa ya kukuza mti mdogo chunguni ili uonekane kama mti mkubwa uliozeeka. Mtaksusi ni mti wa jenasi ambayo wataalamu wa mimea huiita Taxus, na kwa hisani ya waandaaji nimewekewa mti mmoja hapa mezani ili maneno yangu yasielee hewani. Huu ni Taxus baccata, mtaksusi wa Ulaya, uliong'olewa kwenye ua wa miti wa zamani uliokuwa ukipogolewa mwaka baada ya mwaka hadi ukafanya shina fupi, nene na lenye makovu mengi. Umekwisha kukaa kwenye sanduku lake la kukuzia misimu ya kutosha, umechipua karibu kila mahali, na mizizi yake imeshika barabara. Mwenye mti anataka kujua aanzie wapi. Jibu langu, ambalo nitalitetea kwa muda wote niliopewa, ni kwamba kazi ya kwanza si ya msumeno wala ya waya. Kazi ya kwanza ni kufuatilia kwa macho na kwa vidole njia ambazo maji hupitia kutoka kila mzizi mkubwa hadi kila tawi, kwa sababu katika mti huu njia hizo ndizo zitakazoamua kipi kiishi na kipi kife, muundaji apende asipende.

Shina la mtaksusi uliozeeka halisambazi maji sawasawa pande zote. Likitazamwa vizuri huonekana limegawanyika katika mikanda iliyotuna, yenye mabonde katikati yake, na kila mkanda ni mshipa hai unaounganisha mizizi fulani na matawi fulani yaliyo juu yake. Tawi kubwa likikatwa lote, mara nyingi mkanda wa gome ulio chini yake husinyaa polepole hadi ukakauka, na mzizi uliokuwa ukilishwa na majani ya tawi hilo hudhoofika vilevile. Mzizi mkubwa nao ukikatwa bila mtu kujua unapeleka maji wapi, tawi litakalokauka huenda likawa lilelile ambalo muundo wote ulijengwa juu yake. Hali hii ipo kwa mijuniperi pia, jamaa wengine wa misonobari wanaopendwa katika bonsai, na wengi wenu mmeizoea huko, ila kwenye mtaksusi inahadaa zaidi kwa sababu mti huu huchukua muda mrefu kuonyesha kwamba sehemu yake imekufa. Majani yanaweza kubaki ya kijani miezi mingi juu ya tawi ambalo halina tena uhusiano wowote na mzizi.

Mfano mashuhuri ni mtaksusi wa Fortingall, ulio katika uwanja wa kanisa huko Perthshire, Uskoti. Mwaka 1769 mwanasheria na mwanaasili Mwingereza Daines Barrington aliupima akapata mzingo wa karibu mita 16. Moyo wake ulikwisha kuoza zamani, na kilichobaki leo ni vipande vya ganda hai vilivyoachana, kila kimoja kikiendelea na maisha yake. Kisha mwaka 2015 ikatangazwa kwamba tawi moja la mti huo, ambao kumbukumbu zote ziliutaja kuwa dume, lilikuwa limezaa matunda mekundu, ilhali mti uliosalia ulibaki dume. Sisemi kwamba mambo ya jinsia na mambo ya mishipa ni jambo moja. Ninachosema ni kwamba mtu anayetaka kuuelewa mtaksusi afadhali auone kama jumuiya ya matawi yaliyokubaliana kuishi pamoja, na asikate chochote kabla ya kujua nani anamtegemea nani.

Basi tusogee karibu na mti huu. Nachukua brashi ya nailoni na maji kidogo, nasugua magamba yaliyolegea kwenye upande wa mbele wa shina. Sisugui hadi ndani. Natoa tu yale ambayo yangedondoka yenyewe. Chini yake gome lililo hai lina rangi nyekundu inayoelekea zambarau na ukilibonyeza linahisi limeshiba maji. Gome lililokufa ni la kahawia lililofifia, na ukiligonga kwa kucha linatoa sauti kavu. Pale nisipokuwa na hakika nakwangua kidogo kwa ncha ya kisu, mahali pasipoonekana, na kama ni hai nakuta unyevu na rangi ya kijani hafifu chini ya gome jekundu. Sasa fuateni kidole changu. Tawi hili la kulia, ambalo kila mtu hapa angelichagua kuwa tawi la kwanza, lina mkanda unaoshuka, unapinda kuelekea nyuma ya shina na kuishia kwenye mzizi mnene ulio nyuma kabisa. Mzizi huu wa mbele, ambao ndio unaoupa mti msingi wake wote wa kuvutia, haulishi tawi hilo hata kidogo. Unalisha tawi la tatu, hili lililonyooka kwenda juu, baya, lisilo na mpindo wowote, ambalo kwa hesabu za umbo peke yake lingekuwa la kwanza kuondoka.

Hapa ndipo mtu aliyezoea kuchora kwanza na kukata baadaye hupotea. Akiliondoa tawi la tatu, baada ya misimu michache mzizi wa mbele utakuwa umekauka na gome lililo juu yake litakuwa limebanduka, na ule uso wa mti alioupenda hautakuwapo. Mimi nalibakiza tawi hilo kwa sasa, nalipunguza hadi kwenye chipukizi dogo lililo karibu na shina, na chipukizi hilo litazungushwa kwa waya lipite nyuma ya tawi la pili lijaze pengo la upande wa nyuma. Halitakuwa tawi la kupigiwa picha. Kazi yake ni kuweka mshipa wa mbele hai, na kwa maoni yangu mtaksusi wowote mzuri una angalau tawi moja la namna hii, ambalo watazamaji hawalioni.

Baada ya mishipa kujulikana, ndipo inafaa kuzungumzia umbo. Watu wengi wanaounda mitaksusi huiga mijuniperi ya Japani: ukanda mwembamba ulio hai, mti mkavu mweupe mwingi (yaani mbao zilizokufa na kuachwa wazi bila gome), misokoto, na majani yaliyokusanywa juu katika matabaka yaliyobanana. Sina ugomvi na mtindo huo kama shina lenyewe linaudai, na ni kweli kwamba mitaksusi inayoota kwenye majabali ya mawe ya chokaa hudumaa, hupinda na hubaki na matawi makavu kwa muda mrefu. Lakini mtaksusi uliokulia kwenye udongo mzuri hauzeeki hivyo. Huo huzeeka kwa kupanuka kuliko kurefuka. Moyo wake huoza, shina likawa pango, matawi ya chini hulala hadi kugusa ardhi na huweza kutoa mizizi huko yalikolala, na machipukizi mapya hutokeza kwenye gome kuukuu bila mpangilio. Miti inayotoka kwenye ua, kama huu, tayari ina shina pana na makovu makubwa ya msumeno, na kwa hiyo iko karibu zaidi na sura hii ya pili. Kuulazimisha uwe mjuniperi wa mlimani ni kuupa kazi isiyo yake. Najua wapo wataalamu humu ambao hawatakubaliana nami, na tutalijadili.

Niseme kwa ufupi juu ya aina. Mtaksusi wa Japani, Taxus cuspidata, huvumilia baridi kali kuliko ule wa Ulaya, na majani yake huishia ghafla kwenye ncha kali. Chotara wa hiyo miwili, Taxus × media, alianzia Massachusetts nchini Marekani katika kazi ya mtunza bustani T. D. Hatfield mwanzoni mwa karne ya 20, na leo anapatikana kwa wingi kwenye vitalu vya miti ya mapambo. Kanuni ninazozieleza zinafaa kwa miti yote mitatu.

Kovu hili la mbele lina upana wa ngumi. Mtaksusi hufunga majeraha makubwa polepole mno, kiasi kwamba kusubiri lifunge lenyewe si mpango wa maana. Badala ya kulificha nitaligeuza kuwa mlango wa pango, na kutoka hapo kijia cha mti mkavu kitashuka kando ya mkanda hai hadi karibu na udongo. Nimesema kando, kwa sababu mpaka wake ni ule tuliouchora kwa kidole: bonde lililopo kati ya mikanda miwili, ambako gome lilikuwa linakufa lenyewe. Nakata kingo kwa kisu kikali sana, mstari mmoja bila kurudiarudia, kwani ukingo uliochanika hupona vibaya na unyevu hukaa humo. Ukingo uliokatwa safi hujikunja na kuvimba kadiri mwaka unavyokwenda, mkanda ulio hai ukaanza kusimama juu ya mti mkavu, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayolipa shina sura ya uzee. Msimu unaofuata ukingo unaweza kukatwa tena kidogo ili uvimbe zaidi. Lakini usinyang'anye mkanda upana wake wote kwa mara moja, na chini kabisa, pale mti mkavu unapokutana na udongo, acha njia ya maji kutoka. Pango linalotuama maji huoza, hata kama mti ni mtaksusi.

Kubandua gome kunafaa kufanywa wakati mti unakua, gome linapoachana na mti kwa urahisi; kuchonga mti wenyewe kunaweza kungoja. Mbao za mtaksusi ni ngumu na zina nyuzi ndefu zenye mnyumbuko wa ajabu. Ncha ya mkuki iliyopatikana Clacton nchini Uingereza mwaka 1911, ambayo umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, ilichongwa kwa mti huu, na katika mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 zimepatikana pinde ndefu za mtaksusi zaidi ya 130. Mafundi wa pinde walitumia sehemu mbili za mti kwa pamoja: ule mti mweupe wa nje ulio tayari kuvutwa, na kiini chake cha rangi ya chungwa inayoelekea kahawia, kilicho tayari kubanwa. Muundaji wa bonsai anahitaji kukumbuka mgawanyo huohuo, kwa sababu tabaka jeupe la nje huoza mapema na kiini hudumu. Mti mkavu uliochongwa kwa kina kidogo tu, ukaachwa na tabaka jeupe lote juu yake, utabadilika sana baada ya miaka michache, na vile vinakshi vidogo ulivyovitolea jasho vitaondoka navyo.

Ndiyo maana napendelea koleo kuliko mashine. Nabana ukingo wa nyuzi kwa koleo, navuta taratibu, na nyuzi zinapasuka kufuata mkondo wake wenyewe, zikipinda pale palipokuwa na fundo na kunyooka pale pasipo na kitu. Mashine ya kuzunguka hutoa mashimo ya mviringo yenye kina sawa, na jicho la mtazamaji huyatambua mara moja hata kama hawezi kueleza kwa nini yanamkera. Mashine ina kazi yake, hasa kutoa wingi wa mbao ndani ya pango. Sura ya juu iachiwe koleo, patasi ndogo na brashi ya waya. Vijinyuzi vinavyobaki huchomwa kwa mwali mdogo, gome likiwa limefunikwa kwa kitambaa chenye maji, kisha hupigwa brashi.

Kuhusu mchanganyiko wa chokaa na salfa unaopakwa ili kulinda mti mkavu na kuufanya mweupe, nina maneno machache. Upakwe siku kavu yenye jua, juu ya mti uliolowanishwa kwanza kidogo ili unywe dawa, na udongo ufunikwe kabisa ili matone yasiingie mizizini. Mwanzoni utakuwa wa njano na utanuka mayai yaliyooza, kisha utakuwa mweupe. Weupe huo ukiwa karibu na gome jekundu la mtaksusi hupiga kelele mno machoni, ndiyo maana naongeza wino mweusi kidogo sana ili upate kijivu cha mti ulionyeshewa. Wapo wanaolisugua gome nalo hadi linang'aa wekundu kwa ajili ya maonyesho. Mimi huishia kwenye magamba yaliyolegea. Gome la mtaksusi ni jembamba, na mti uliosuguliwa kila mwaka haupati kamwe nafasi ya kuonekana mzee.

Sasa waya, unaozungushwa kwenye tawi ili lipindwe na kubaki hivyo. Wakati ninaoupenda ni kuanzia mwisho wa kiangazi kuingia majira ya majani kupukutika, ukuaji ukiwa umetulia; majira ya kuchipua, gome huteleza juu ya mti na waya ukivutwa kidogo tu unalibandua. Shaba iliyopashwa moto ikalainishwa hushika vizuri zaidi kwenye matawi manene, alumini inatosha kwa vitawi. Matawi ya mtaksusi hukubali kupindwa kuliko yanavyoonekana, ila sehemu dhaifu ni pale tawi linapotoka shinani: hapo hupasuka upande wa juu bila onyo. Kwa hiyo kidole gumba hukaa chini ya kwapa la tawi wakati wote, na mpindo wa kwanza huwekwa mbali kidogo na shina, baada ya tawi kufungwa kwa nyuzi za rafia zilizolowanishwa. Tawi nene zaidi ya kidole silizungushii waya mzito. Nalivuta kwa waya wa kuning'iniza uliofungwa kwenye sanduku, nikikaza kidogo kila baada ya majuma kadhaa. Na waya ukitolewa tawi likarudi juu, kama litakavyofanya mara nyingi, hakuna la kushangaza: linafungwa tena.

Yote niliyoyasema hadi hapa yanaweza kufanyika katika kipindi kifupi, na ndiyo yanayopigwa picha. Kuukamilisha mtaksusi, yaani kuupiga msasa hadi majani yake yawe mafupi, vitawi vyake vigawanyike viwili viwili na kila tabaka liwe na hewa chini yake, ni kazi ya miaka inayofanywa kwa mkasi mdogo na kibano, na hapo ndipo mti huu unapolipa fadhila kuliko takriban miti yote ya jamii ya misonobari na jamaa zake. Msonobari ukiukata hadi penye mti mtupu usio na majani, kwa kawaida tawi hilo limekwisha. Mtaksusi wenye afya huchipua kutoka kwenye mti mkuukuu, hata kwenye shina lenyewe. Uwezo huo ndio unaouvumilisha ua kukatwa miaka nenda miaka rudi. Ila sharti lake ni nguvu, na nguvu hutoka kwenye majani. Mti uliotoka tu kupandikizwa, au uliokatwa sana mwaka huu, hautachipua nyuma hata ukiukata vipi; utazidi kufa kwa mbele.

Mchipuko wa majira ya kuchipua hutoka laini, wa kijani kibichi, na kishawishi cha kuanza kuuchuma kwa vidole siku ileile ni kikubwa. Kuna mafundi wanaofanya hivyo kwenye mti ambao muundo wake umekamilika, na kwa mti huo ni sawa kwa sehemu zenye nguvu kupita kiasi. Kwa mti kama huu ulio mezani, nashauri machipukizi yaachwe yarefuke, yakomae, yabadilike rangi kuwa kijani kizito, ndipo yakatwe. Katika nusu ya kaskazini ya dunia hiyo huwa ni Juni kuingia Julai. Wakati huo majani mapya yamekwisha kurudisha gharama yaliyoutoza mti. Kata ukibakiza sehemu ya ukuaji mpya wa mwaka huu, ili macho ya mwaka ujao, yaani machipukizi ambayo bado hayajafunguka, yawe na mahali pa kujengeka. Ncha ya mkasi iingie katikati ya majani ikate kijiti peke yake, kwa sababu jani lililokatwa katikati hugeuka kahawia penye mkato, na tabaka zima likikatwa kwa mkupuo kama ua litakuwa na ukingo wa kahawia msimu mzima. Mwisho wa kila kitawi mtakuta mara nyingi machipukizi matatu, la kati likiwa refu. Toa la kati. Mawili yanayobaki yatajigawa tena mwaka unaofuata, na baada ya muda tawi litakuwa limejaa bila kuwa na fundo nene lililovimba kutokana na machipukizi mengi mahali pamoja.

Baada ya kukata vitawi, hufuata majani. Jani la mtaksusi huweza kukaa juu ya mti miaka kadhaa, kwa hiyo ndani ya matabaka hubaki majani makuukuu yasiyopata mwanga lakini yanayozuia mwanga usifike kwenye macho madogo yaliyo kwenye makwapa. Hayo nayatoa kwa kibano, nikivuta kuelekea upande jani linakoelekea ili gome lisichanike. Natoa pia majani yanayoning'inia upande wa chini wa kila kitawi, na kwa ghafla mistari ya tabaka huonekana. Sehemu dhaifu za ndani siziondolei hata jani moja. Zinahitaji kila kitu zilicho nacho. Kilele na ncha za matawi ya juu, ambako nguvu hukimbilia, nazinyoa zaidi. Kusawazisha nguvu hivi ndiko kunakofupisha majani, wala si kunyima mti maji au mbolea, jambo ambalo bado nasikia likishauriwa.

Jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha ni maua. Huu ulio mezani ni dume. Pindueni kitawi hiki: upande wa chini mnaona vifundo vya mviringo, vidogo, vilivyojipanga kwenye makwapa ya majani, vyenye rangi ya kahawia inayoelekea manjano. Hivyo ni macho ya maua. Jicho la chipukizi ni jembamba zaidi, lina ncha, na hupatikana mwishoni mwa kitawi na kwenye ubavu wake. Kila kwapa lililoshikwa na ua ni kwapa ambalo halitatoa chipukizi. Ua litamwaga chavua, litadondoka, na jani lililokuwa hapo likishapukutika panabaki kijiti kitupu. Mtaksusi dume unaoachwa kutoa maua kwa wingi mwaka baada ya mwaka hupata matawi yenye majani mwishoni tu, na mwenyewe hushangaa kwa nini hauchipui nyuma wakati vitabu vimemwambia utachipua. Majira ya majani kupukutika, maua yakiwa yamekwisha kujionyesha wazi, keti na kibano uyatoe yote. Ni kazi ya kuchosha isiyo na njia ya mkato.

Mizizi inataka upole ambao matawi hayaudai. Ni minene kiasi, ina maji mengi, na hupona taratibu. Kuhamisha chungu kufanywe mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla macho hayajafunguka. Sehemu ya udongo wa zamani ibaki pale ilipo, na usiuoshe mti hadi mizizi yote iwe mitupu. Mchanganyiko uwe wa chembechembe za kupitisha maji upesi, pumisi kwa mfano, yaani mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, kwani mtaksusi huchukia kukaa ndani ya maji kuliko unavyochukia karibu jambo lolote lingine. Kuoza kwa mizizi ndiko kunakoua mitaksusi mingi ya chunguni, na dalili hujitokeza juu wakati kazi ya chini imekwisha kuharibika. Unavumilia kivuli, na kwa kweli rangi ya majani ni nzuri zaidi pasipo na jua kali la mchana. Kwenye baridi ya kugandisha, mizizi iliyo ndani ya chungu chembamba huumia kabla ya majani, hivyo chungu kikingwe na upepo.

Mkiona majani yamemegwamegwa kingoni usiku, mtafuteni fukusi anayeitwa Otiorhynchus sulcatus. Mdudu huyo akiwa mzima hana madhara makubwa. Buu wake mweupe asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia, hula mizizi chini ya udongo, na nematodi, minyoo midogo mno, wanaomwagiwa kwenye udongo wenye unyevu na joto la wastani humdhibiti vizuri. Wadudu gamba pia hujificha kwenye vitawi na upande wa chini wa majani.

Kabla ya yeyote kuugusa mti huu niwakumbushe sumu. Sehemu zote za mtaksusi, majani, gome, mbao na mbegu, zina alkaloidi, yaani kemikali za sumu, zinazoharibu mwenendo wa moyo. Ni ile nyama nyekundu tu inayoizunguka mbegu isiyo na sumu. Jamii hiihii ndiyo iliyotoa dawa ya saratani ya paklitaxeli, ambayo wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake mwaka 1971 baada ya kuitoa katika gome la mtaksusi wa Pasifiki. Dawa haifanyi vumbi la mbao kuwa salama. Vaeni barakoa na miwani mnapochonga, glavu mnapochambua majani, na takataka zote zikusanywe, kwa sababu majani yaliyokauka hubaki na sumu na mifugo hufa kwa kuyala.

Kwa mti huu, basi, mpango ni kama ifuatavyo. Leo tunapunguza tawi la tatu, tunabandua kijia cha mbele, na kuweka waya kwenye matawi ya kwanza na ya pili, basi. Hakuna kugusa mizizi mwaka huu wala mwaka unaofuata, kwa sababu mti ambao mishipa yake inajipanga upya juu hauwezi kudaiwa mizizi mipya chini wakati huohuo. Maua yatatolewa, mbolea itaendelea, na pango litachongwa wakati mkanda hai utakapokuwa umeonyesha kingo zake mpya ziko wapi hasa. Kuhusu chungu, mimi naona chungu kipana, kifupi, cha udongo usiopakwa rangi, cha kahawia iliyokolea, kwa kuwa shina ni pana na gome ni jekundu. Mwenye mti anakitaka cha buluu. Tuna muda mrefu wa kubishana kabla uamuzi huo haujahitajika. Naomba wenye glavu wasogee upande huu wa meza, na wenye maswali kuhusu mishipa waanze wao, ningali na brashi mkononi.